Umetia dawa mbili na karatasi bado inachanika? Angalia chaji kabla hujaongeza dozi

Kamwene wote, hasa mlioko Mafinga, Makambako, Njombe mpaka Mbeya kule mnaotengeneza karatasi kwa fremu au kwa mashine ndogo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019 kila mtu anataka mfuko wa karatasi unaobeba mzigo kweli, mteja anaweka viazi kilo tano anategemea afike nao nyumbani hata mvua ikimkuta njiani, na hapo ndo wengi tumeanza kutia dawa kwenye palpu, yaani rojo la nyuzi tunalotengenezea karatasi. Simu ninazopigiwa zinafanana sana, "nimetia PAE, nimetia na CMC, mbona karatasi imekuwa mbovu kuliko ile niliyokuwa situmii kitu?" PAE ni resini ya kuipa karatasi nguvu hata ikilowa, CMC ni unga wa kuongeza uzito unaotokana na selulosi. Nimeona niandike yote sehemu moja, kwa kufuata dalili unayoiona wewe pale kwenye beseni.

Kwanza tuelewane tunachofanya maana ukiruka hapa huko chini hutaelewa. Dawa hizi ni polielektroliti, yaani polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ambazo mwili wake umejaa chaji ya umeme. Zipo zenye chaji chanya, mfano resini ya PAE, wanga wa kationi, kitosani, na zipo zenye chaji hasi, mfano CMC na aljineti. Ukizikutanisha zinakamatana na kutengeneza vichembe vidogo mno, hivyo ndo tunaviita kompleksi, na zinakamatana kwa nguvu kwa sababu zikiungana zinaziachia ayoni (chembe zenye chaji) ndogo ndogo zilizokuwa zimezing'ang'ania ziondoke zikatembee kwenye maji. Nyuzi za mbao, iwe msindano wa shamba la miti la Sao Hill au maboksi yaliyolowekwa, zenyewe zina chaji hasi. Kwa hiyo kompleksi ikibaki na chanya kidogo inaenda kukaa juu ya uzi yenyewe bila kulazimishwa, na karatasi ikikauka pale nyuzi zinapokutana panakuwa na gundi nene kuliko ambayo ungepata kwa kutia PAE peke yake.

Hiyo ndo faida yake. Uzi una nafasi chache za chaji, PAE ikizijaza basi, inayobaki inaondoka na maji na hela yako inaondoka nayo. CMC inakusaidia kupakia gundi zaidi juu ya uzi ule ule, halafu CMC ina vikundi vya kaboksili ambavyo PAE inafungana navyo kabisa ikipata joto. Wasweden kina Lars Wågberg pale KTH Stockholm na Martin Hubbe wa North Carolina State kule Marekani wamelifanyia kazi sana jambo hili, na kitu kikubwa kilichoonekana ni kwamba unaweza kupandisha nguvu ya kuvutwa bila kuitwanga palpu mpaka iwe uji. Kwa sisi wa mashine ndogo hilo ni jambo kubwa, maana kutwanga ni umeme na palpu iliyotwangwa sana haishuki maji.

Sasa kabla ya dalili yoyote fanya hili jaribio, mimi naliita la glasi mbili na halihitaji maabara. Chota palpu yako iliyokwisha tiwa dawa, kamua kwa kitambaa safi, yale maji yachuje tena mpaka yawe maangavu. Gawanya glasi mbili. Ya kwanza dondoshea matone machache ya CMC uliyoizimua, asilimia 0.1 inatosha, ya pili dondoshea PAE iliyozimuliwa vilevile. Glasi ya CMC ikigeuka kuwa na ukungu kama maji yaliyooshewa mchele, kuna chaji chanya imezidi na inaelea. Glasi ya PAE ikifanya ukungu, hasi ndo imezidi. Zote zikitulia upo karibu na katikati. Wenye maabara wanafanya hiki kitu kwa kupima kabisa, kuna njia ya taitresheni ya chaji aliyoileta Mjapani Terayama mwaka 1952, rangi ya toluidini bluu inabadilika kutoka bluu kwenda zambarau unajua umefika. Ila kwa kujua upo upande gani, glasi mbili zinatosha, na nawaomba msiongeze dozi ya kitu chochote kabla hamjazifanya.

DALILI: maji hayashuki kwenye wavu, karatasi inanata kwenye kitambaa, povu jingi

Hii ni hasi imezidi, karibu mara zote. Glasi ya PAE itakuwa na ukungu mpaka ushangae. Lakini sababu zake ni zaidi ya moja na inabidi ujue ni ipi.

Ya kwanza ni kubadilisha dawa bila kubadilisha hesabu. Hii imetukuta karakanani kwetu. Dramu la PAE lilikuwa limeisha, kijana wetu mmoja mchapakazi sana akaona wanga wa kationi upo stoo, akaweka wanga badala ya PAE na CMC akaacha kiasi kile kile cha siku zote. Nilivyofika nikakuta beseni linateleza kama limemwagiwa bamia, karatasi ukiinua inabaki nusu kwenye kitambaa. Hakukosea kwa uzembe, kwenye karatasi ya resipi zote mbili zimeandikwa "chanya" basi. Ila chanya ya wanga na chanya ya PAE hazilingani hata kidogo. Wanga wa kationi wa kawaida, ule wa DS 0.035 (DS ni kiasi cha vikundi vya chaji vilivyopachikwa kwenye polima), gramu moja ina chaji ndogo sana, kwa hesabu gramu 1 ya CMC ya DS 0.7 inahitaji kama gramu 15 za wanga huo ndo zilingane. PAE yenyewe gramu moja inaweza kulingana na nusu gramu ya CMC hadi karibu gramu nzima, inategemea resini. Sasa chukua palpu kavu kilo 10, wanga asilimia 1 ni gramu 100, CMC ya kufika katikati ni kama gramu 6 au 7 tu, ukitaka ubaki upande wa chanya tia 4. Yeye alitia 30. Tangu siku ile ukutani kwetu kuna resipi mbili, ya PAE kwa kalamu nyekundu na ya wanga kwa kalamu ya bluu, na kila moja ina kijiko chake.

Ya pili ni uchafu wa hasi unaokuja na palpu yenyewe. Palpu ya kraft (ya mbao zilizopikwa kwa kemikali) isiyooshwa vizuri inabaki na lignini ya yale maji meusi ya kupikia, maboksi ya zamani nayo yanakuja na gundi na wino. Vyote hivyo ni hasi, vinaidaka PAE ikiwa bado kwenye maji kabla haijauona uzi. Unakuta mtu anatia PAE nyingi kweli lakini inaishia kufunga uchafu. Hapo dawa ni kuosha palpu, osha mpaka maji ya kukamua yakaribie rangi ya maji ya kawaida. Kama maji ni shida unaweza kutangulia na kitu cha bei rahisi cha kulisha uchafu, mfano PAC (polialumini kloridi) kidogo, halafu ndo PAE. Shabu nayo inafanya kazi hiyo ila ina matatizo yake nitayasema huko chini.

Ya tatu ni CMC yenyewe kuwa nyingi kuliko unavyofikiri, umepima kwa macho. Nunua mizani ya gramu, hamna njia nyingine.

DALILI: vidoa vinavyong'aa kama matone ya mafuta kwenye karatasi kavu

Inua karatasi juani uitazame. Ukiona vidoa vinavyopitisha mwanga, ukivikwaruza kwa kucha ni vigumu kama kucha yenyewe, hayo ni mabonge ya CMC ambayo hayakuyeyuka. CMC ukiimwaga yote kwa pamoja kwenye maji inafanya kama unga wa ugali uliomwagwa bila kukoroga, nje inalowa ndani unga mkavu. Nyunyiza kidogo kidogo kwenye maji yanayozunguka kwa kasi, halafu iache, na hapa kwetu Juni na Julai maji ya bomba yanakata vidole kwa baridi kwa hiyo usitegemee nusu saa, sisi tunaiacha usiku kucha. Ukitumia maji ya uvuguvugu inasaidia.

Wengi tunanunua CMC ile ile ya watengeneza sabuni ya maji, inayouzwa pamoja na sless na ungarol. Inafaa, lakini ile ya kiwango cha chini inakuja na chumvi nyingi iliyobaki kiwandani, CMC halisi ndani yake inaweza kuwa chini sana ya uzito uliopima. Uliza muuzaji usafi wake ni asilimia ngapi. Ikiwa ni 60, ukitaka gramu 30 halisi pima gramu 50. Na ukibadilisha muuzaji rudia jaribio la glasi, usiamini mfuko kwa sababu unafanana.

Kama vidoa ni laini, vyeupe, vinasuguka kwa kidole, hizo ni kompleksi zenyewe zimeganda pamoja. Umechanganya dawa zikiwa nzito. Zimua kila moja ifike asilimia 0.5 au chini yake ndo uzikutanishe. Na kama unazichanganya pembeni kabla ya kutia kwenye palpu, mimina CMC ndani ya PAE huku unakoroga kwa nguvu, usigeuze. Ukimimina PAE ndani ya CMC unaanzia kwenye hasi, lazima upite katikati ndo ufike kwenye chanya, na pale katikati chaji zinapolingana hakuna kinachozisukuma zitengane, zinashikana zinakuwa kama maziwa yaliyokatika. Zikishakatika usijaribu kuziokoa.

Mimi binafsi nawashauri wanaoanza waache kuchanganya pembeni. Tia PAE kwenye palpu kwanza, koroga dakika 5 hadi 10, halafu ingiza CMC taratibu. Kompleksi inajitengeneza pale pale juu ya uzi. Unapoteza kidogo uwezo wa kujua ukubwa wa vichembe lakini makosa yanapungua sana.

DALILI: kavu ina nguvu, ikilowa inasambaratika

Hii ndo inayoumiza watu wa mifuko, kwa hiyo nitakaa hapa.

Swali la kwanza, umetumia nini upande wa chanya? Kama ni wanga, acha kutafuta kosa, hakuna kosa. Wanga na CMC zinakupa nguvu ya kavu tu, ikilowa vifungo vya hidrojeni vinaingia maji vinaachia. Karatasi isiyo na resini ikilowa chapachapa kwa kawaida inabaki na chini ya asilimia 10 ya nguvu yake ya kavu. Ili iitwe karatasi ya kuhimili maji inatakiwa ibaki na kama asilimia 15 kwenda juu. Unahitaji PAE au kitu kinachofungana kama hiyo.

Umetumia PAE na bado? Hesabu ya dozi sasa. PAE inakuja ya maji, nyingi zina resini asilimia 12.5 tu, kinachobaki ni maji. Mtu anasoma "asilimia 0.8 ya palpu kavu", ana palpu kilo 10, anapima gramu 80 za kile kimiminika anafurahi. Ametia gramu 10 za resini. Gramu 80 za resini ni gramu 640 za kimiminika, yaani mara nane. Soma lebo, gawanya. Ukishapima hizo 640, zimua na maji ifike kilo 16 hivi, hapo ni asilimia 0.5, kisha CMC halisi gramu 30 kwenye lita 6 za maji. Hiyo ndo resipi yetu nyekundu ya kilo 10.

Dozi iko sawa? Basi angalia umri wa karatasi. Hapa ndo watu wa Nyanda za Juu tunaonewa na hali ya hewa. PAE haimalizi kazi karatasi inapokauka, inahitaji joto ndo ifungane. Viwanda vina silinda za mvuke, karatasi inatoka ya moto na robota linakaa na joto lake stoo. Sisi tunaanika kwenye waya, Mufindi ukungu unashuka saa tisa alasiri, karatasi inakauka kwa upepo na baridi. Ukiijaribu kesho yake inachanika unasema dawa feki. Chukua vipande viwili vya karatasi ile ile, kimoja kipige pasi ya moto kati ya vitambaa viwili dakika kadhaa, kimoja kiache. Lowesha vyote kwenye bakuli dakika kumi, vivute kwa mkono. Mara ya kwanza nilivyofanya hivi na mama mmoja wa kikundi chetu, kile kisichopigwa pasi kilikatika kwa uzito wake kabla hajakivuta, cha pasi alikivuta mpaka akakizungusha kidoleni. Kama cha pasi kina nguvu basi dawa yako ni nzima, ipe karatasi muda, wiki mbili hadi tatu ikiwa imekaa pakavu, au tafuta namna ya kuipasha. Usimpe mteja mfuko wa juzi.

Cha pasi nacho kimechanika? Hapo angalia haya. Uliweupisha palpu kwa jiki? Klorini iliyobaki inaiua PAE, osha sana na umalizie na thiosalfeti ya sodiamu kidogo. pH, yaani uchachu wa maji, ikoje? PAE inapenda 6 hadi 8, chini ya 5 inazembea. Resini ina umri gani, ikikaa miezi mingi kwenye joto inaanza kuwa nzito kama jeli, ikifika hapo imekufa. Uliizimua jana ukaiacha? Ndani ya dramu inatunzwa na tindikali, ukishaizimua na maji ya kawaida itumie siku hiyo hiyo.

Na mvae glavu jamani, ile resini ina mabaki ya kemikali za klorini zisizofaa ngozini, na kwa karatasi ya kufungia chakula ulizia ile iliyoruhusiwa kwa chakula, usitumie yoyote tu.

DALILI: wanga haufanyi kazi, tone la iodini kwenye maji linakuwa bluu

Nunua iodini ya vidonda duka la dawa, dondoshea kwenye maji yaliyochuja kutoka kwenye wavu. Bluu iliyokolea maana yake wanga wako unaondoka na maji. Watu wanakimbilia kuongeza wanga, hapana, kwanza uliza umeupika wapi. Maelekezo ya mfuko yanasema pika digrii 95 dakika 20 au 30. Mafinga iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, sufuria ya wazi inachemka kwenye digrii 94 hivi, hata ukichochea kuni namna gani haitapanda. Aliyeandika yale maelekezo yuko pwani ya nchi fulani, hajui kama maharage yetu yanachukua nusu siku kuiva. Ongeza muda, sisi tunaenda dakika 45 sufuria limefunikwa huku tunakoroga, mpaka uji uwe mwangavu na ukiuchota usione chembe. Halafu usiuache upoe ukalala, wanga uliopoa unarudi kujikunja na bakteria wanaukata, kesho yake una maji matamu tu. Pika wa siku hiyo.

DALILI: ilikuwa nzuri Jumatatu, Ijumaa imelegea, na hujabadilisha kitu

Umebadilisha, maji. Kiangazi tunarudisha maji yale yale ya wavuni ili kubana matumizi, kila mzunguko unaongeza chumvi na uchafu wa hasi. Chumvi kidogo si mbaya, inazipa kompleksi nafasi ya kujipanga vizuri, ila ikizidi inaziba chaji na polima hazionani tena na uzi, na wanga ndo unaanza kushindwa mapema kwa sababu chaji yake ni ndogo. Kalamu ya kupimia chumvi ya maji haina bei kubwa, andika namba ya kila asubuhi. Sisi ikipita 2,000 µS/cm tunamwaga nusu tunaweka maji mapya.

DALILI: mabonge ya jeli mara tu baada ya kutia shabu

Wanaotumia shabu na roza (resini ya utomvu wa msindano) ili wino usisambae wanalijua hili. Alumini inaigandisha CMC, na shabu inashusha pH ambako PAE haitaki kuwepo. Vitu hivi viwili visikae beseni moja, hamia AKD, dawa nyingine ya kuzuia wino usisambae, ambayo inaenda vizuri na PAE kwenye pH ya 7 hadi 8. Na kumbuka kama kuna shabu majini, glasi yako ya CMC itafanya ukungu kwa ajili ya alumini hata kama PAE haijazidi, usidanganyike.

DALILI: mawingu mawingu, karatasi nene huku nyembamba kule

Dozi imezidi au umekoroga kidogo baada ya kutia. Punguza kwa theluthi, zimua palpu zaidi kabla ya kuchota.

DALILI: nguvu ya kuvutwa imepanda lakini mdomo wa mfuko unachanika kirahisi

Nyuzi zimeshikana mno, mpasuko ukianza hakuna uzi unaochomoka kuuzuia, zinakatika tu. Hapo ndo unapotakiwa kupunguza kutwanga. Wengi wanaongeza dawa na bado wanatwanga muda ule ule wa zamani. Punguza kutwanga kwanza, rudisha nyuzi ndefu za msindano kwenye mchanganyiko kama ulikuwa unatumia maboksi matupu, ndo upime tena.

DALILI: vipande vilivyoharibika havirudi kuwa palpu

PAE ikishafungana haina huruma. Vipande vibovu vikate na kuviloweka siku hiyo hiyo kabla havijakomaa, vile vya kukatia visikae stoo mwezi. Vilivyokwisha komaa vinahitaji maji ya moto na alkali, soda kidogo mpaka pH ifike 10 au 11, na kupigwa muda mrefu, kisha uvioshe sana kabla ya kuvirudisha kwenye beseni, maana vikirudi na ile alkali na uchafu wake, kesho asubuhi glasi ya PAE itakuonyesha ukungu na utaanza kutafuta kosa upya.